Nyuzinyuzi kwenye chakula cha ng'ombe wa maziwa: maswali ya wafugaji wa Mtwara na Lindi

Ukurasa huu ni wa mfugaji mwenye ng'ombe mmoja, wawili au watano wa maziwa, awe Mikindani, Newala, Masasi, Nachingwea au Kilwa. Maswali mengi huja kama swali la pumba, lakini ukilifuata unakuta jibu liko kwenye nyasi.

Nyuzinyuzi ni kitu gani hasa?

Ni sehemu ya mmea inayoufanya usimame: kuta za chembechembe zake. Kuna selulosi na hemiselulosi, ambazo ng'ombe anaweza kuzifaidi, na kuna lignini, ambayo haimfai kitu. Nyasi, mabua na majani ya karanga vina nyuzinyuzi nyingi. Pumba za mahindi zina kiasi, unga wa mahindi kidogo sana.

Maabara hutumia kipimo kinachoitwa NDF, kilichobuniwa na Mmarekani Peter Van Soest miaka ya 1960. Chakula huchemshwa kwenye dawa ya aina ya sabuni, na kinachobaki bila kuyeyuka ndizo kuta zenyewe. Nyasi za ukanda wetu wa joto, zikishatolewa maji, mara nyingi huwa na NDF ya asilimia 60 hadi 70. Huhitaji maabara kufuga, ila kipimo hiki kitatusaidia kwenye hesabu moja hapo chini.

Mimi nataka maziwa. Kwa nini nisiongeze pumba tu?

Kwa sababu si ng'ombe peke yake anayezila nyasi. Kwenye tumbo lake la kwanza, lile kubwa, kuna bakteria na vijidudu wengine wasiohesabika, na hao ndio wanaozivunja nyuzinyuzi. Kazi yao hutoa asidi ambazo mwili wa ng'ombe hunyonya na kuzitumia kama nishati. Asidi ya asetiki, inayotoka zaidi kwenye nyasi, ndiyo kiwele hutumia kutengeneza mafuta ya maziwa. Asidi ya propioniki, inayotoka zaidi kwenye vyakula vya wanga kama pumba, ini huigeuza sukari, na sukari hiyo ndiyo inayovuta maji ya maziwa. Kwa hiyo ni kweli, pumba huongeza lita. Uongo ni kudhani zinaweza kufanya hivyo bila nyasi.

Nyasi ndefu pia humfanya atafune na kucheua. Ng'ombe wa maziwa mwenye afya hucheua saa saba au nane kwa siku, na anapotafuna hutoa mate mengi. Ng'ombe mkubwa hupita lita 100 kwa siku. Mate hayo yana magadi yanayopunguza ukali wa asidi tumboni. Ukimjazia pumba na kumpunguzia nyasi, asidi huongezeka huku mate yakipungua. Bakteria wa nyuzinyuzi hawapendi ukali huo, wanaanza kufa, na hata nyasi chache anazokula hazisagwi vizuri. Siku mbili tatu za mwanzo lita zinaweza kupanda ukafurahi. Baada ya hapo anaanza kuchagua chakula, kinyesi kinakuwa uji wenye povu, na baadaye unaona anachechemea, maana tumbo likichachuka mara kwa mara hata kwato huumia.

Nitajuaje kama nyuzinyuzi hazimtoshi?

Mtazame mchana akiwa amelala kivulini, kabla hujamsogelea. Ng'ombe aliyeshiba na kutulia anatakiwa awe anacheua. Donge likipanda kooni, hesabu anavyotafuna hadi alimeze tena. Mara 50 hadi 70 ni kawaida. Akitafuna mara 30 au 35 na kumeza, nyasi alizokula ni chache au zimesagwa mno.

Kisha chukua kiganja kimoja cha kinyesi chake, ukiweke kwenye chekecheke ya zamani ambayo haitarudi jikoni, umwagie maji mpaka yatoke meupe. Kinachobaki kinasema mengi. Ukiona vipande vya mahindi na pumba zilivyo, chakula kimepita mbio bila kusagwa. Ukiona vijiti vya nyasi virefu kuliko ukucha wako, tumbo la kwanza limeshindwa kuvishikilia hadi visagike. Kinyesi kizuri huanguka na kutulia kama uji mzito. Kikisimama kwa ngazi ngazi, kigumu na kikavu, tatizo ni la upande wa pili: nyuzinyuzi ngumu zimezidi, au maji ni machache.

Wateja wanasema maziwa yangu mepesi, wananishuku naweka maji. Nifanyeje?

Pima kwa laktomita, kifaa cha kupimia uzito wa maziwa, mbele yao. Maziwa mazuri ya ng'ombe huwa kati ya 1.026 na 1.032. Maji yakiongezwa, kipimo kinashuka. Lakini mafuta yakipungua kwa sababu ya chakula, kipimo hakishuki, tena kinaweza kupanda kidogo, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji. Kwa hiyo kipimo kikiwa sawa na mtando wa juu ukiwa mwembamba baada ya maziwa kulala usiku kucha, hujamwibia mtu, ila ng'ombe wako anakula pumba nyingi kuliko nyasi. Rudisha nyasi ndefu, gawa pumba mara tatu au nne kwa siku badala ya mara moja, na usimpe pumba akiwa na njaa kabla hajagusa majani. Mpe muda, mafuta hayarudi kesho yake.

Basi nikimpa nyasi tupu, atatoa maziwa mengi?

Hapana, na hapa ndipo wengi wa huku kusini tunapoumia. Tumbo lina ukomo. Kwa makadirio yanayotumika sana, ng'ombe wa maziwa hawezi kula NDF inayozidi sana asilimia 1.2 ya uzito wake kwa siku. Chotara wa kilo 350 ataishia kwenye kilo 4.2. Nyasi changa yenye NDF ya asilimia 60 itamruhusu ale kilo 7 za chakula kikavu. Ikikomaa ikafika asilimia 70, ataishia kilo 6. Amepoteza kilo nzima kila siku, na hizo sita alizokula zina lignini nyingi zaidi na protini kidogo.

Protini nayo haina mchezo. Ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, bakteria wa tumboni wanakosa cha kujengea miili yao, usagaji unapungua, na chakula kinakaa tumboni muda mrefu. Mabua ya mahindi yako chini ya kiwango hicho. Ndiyo maana mwezi Septemba unaweza kumwona ng'ombe tumbo limejaa, mbavu zinahesabika, na maziwa ni lita moja. Nyuzinyuzi anazo tele; anachokosa ni nyuzinyuzi zinazosagika.

Nyasi zikatwe lini?

Zikianza kutoa maua, umeshachelewa kidogo. Zikishatoa mbegu, unakata mabua. Mabingobingo, yaani majani ya tembo, yakate yakifika kimo cha mita 1 hivi, ambacho wakati wa mvua huchukua wiki sita hadi nane, na uache kisiki cha sentimita 5 hadi 10. Nimeona mabingobingo ya kumfunika mtu mzima yakisifiwa kwa wingi wake. Ng'ombe anachambua majani ya juu, na fito zinabaki horini kama kuni.

Shida yetu ni kalenda. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au mapema Mei. Nyasi za asili zinakomaa wakati mvua bado inanyesha, jua la kukaushia hakuna. Jua linapokuja, nyasi zimeshakuwa ngumu. Ujanja ni kufyeka mara mbili. Eneo unalotaka kutoa hei, yaani majani makavu ya kuhifadhi, lifyeke katikati ya Machi, majani hayo uwape mabichi au uyafanye sileji, yaani uyavundike bila hewa. Machipukizi yatakuwa na wiki nane hivi ifikapo katikati ya Mei, bado laini, na jua la kukausha lipo. Yageuze mara kadhaa kwa siku mbili au tatu, uyakusanye yakiwa bado na rangi ya kijani.

Nihifadhi kiasi gani?

Kwa ng'ombe mmoja, kilo 6 za hei kwa siku kuanzia Juni hadi mwisho wa Oktoba ni kama kilo 900. Tengeneza sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, urefu mita 1, upana nusu mita, kimo sentimita 40. Pitisha kamba, jaza nyasi, kanyaga kwa miguu, funga. Robota linatoka na kilo 15 hadi 20, kwa hiyo marobota 45 hadi 60 yatakuvusha. Yapange juu ya fito, si chini kwenye udongo. Mchwa wa huku hawana adabu.

Nyasi za chini ya mikorosho zinafaa?

Zinafaa sana, na zinapotea bure kila mwaka. Watu wanafyeka, wanakusanya, wanachoma moto, halafu Agosti wanahangaika kutafuta majani. Tatizo ni salfa. Ile ya unga inayopulizwa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga wa mikorosho huanza Juni au kabla ya hapo kidogo, na sehemu yake hutua kwenye nyasi. Salfa ikizidi mwilini humpunguzia ng'ombe madini ya shaba, na ikizidi sana hushambulia ubongo: anapofuka, anasukuma ukuta kwa kichwa, anaanguka. Kwa kuwa hakuna mvua ya kuziosha nyasi hadi Novemba, usikate wala usichunge chini ya mikorosho iliyopulizwa msimu huo. Kata Mei, kabla mashine hazijaanza kuvuma. Mifuko iliyobeba salfa nayo isitumike kuhifadhia pumba, hata ukiikung'uta.

Na mabibo?

Bibo, tunda la mkorosho, lina sukari nyingi na nyuzinyuzi chache, kwa hiyo lihesabu upande wa pumba. Ng'ombe akiingia shambani Oktoba au Novemba akala mabibo mengi kwa mara moja, tumbo linachachuka haraka, na yale yaliyokwisha kuanza kuwa uraka chini ya mti yanamlewesha kwelikweli. Mabibo yaliyokatwa na kukaushwa juani ni chakula kizuri kikichanganywa kidogo kidogo na majani. Maganda ya korosho, yale yenye mafuta yanayounguza ngozi, usimpe mnyama yeyote.

Mabua ya mahindi na mtama ninayo mengi. Yanasaidia?

Yanasaidia yakisaidiwa. Njia rahisi ni kuyakata vipande na kuyachanganya na kitu chenye protini: majani ya karanga yaliyokaushwa, ambayo Masasi na Nanyumbu hubaki shambani baada ya kuvuna, majani ya kunde, au majani ya lukina, mti wa jamii ya kunde, yasiyozidi theluthi ya majani yote. Majani ya mihogo nayo ni mazuri, ila yaanike kwanza, kwa sababu mabichi yana sumu ya sayanidi, hasa ya mihogo michungu.

Njia ya pili ni urea, na hii ifuatwe bila kubahatisha. Kwa kila kilo 100 za mabua makavu yaliyokatwakatwa, yeyusha kilo 4 za urea kwenye lita 50 hadi 60 za maji. Nyunyiza tabaka kwa tabaka, shindilia, funika kwa plastiki hewa isiingie, acha siku 21. Ukifungua utapata harufu kali ya amonia. Toa cha kutumika, kianike kwa muda hewani mpaka ukali upungue, uanze na kidogo. Ndama walio chini ya miezi sita wasipewe, punda wasipewe, na urea yenyewe au maji yake yasiachwe mahali ambapo ng'ombe anaweza kuyafikia. Ukiona kipimo kinakuchanganya, mwite afisa mifugo wa kata akae nawe mara ya kwanza.

Maganda ya karanga na maganda ya mpunga niliyoulizwa mara nyingi: ni nyuzinyuzi, lakini karibu hazisagiki. Yatumie kama matandiko bandani.

Mashudu gani yanafaa?

Mashudu ni masalia ya mbegu zilizokamuliwa mafuta. Ya ufuta ni mazuri mno kwa protini, lakini ufuta mwingi wa Lindi na Mtwara huuzwa ukiwa punje kupitia stakabadhi ghalani, hivyo mashudu yake hayapatikani kila mahali. Ya alizeti ndiyo yanayouzwa zaidi. Kumbuka kwamba alizeti iliyokamuliwa na maganda yake ina nyuzinyuzi nyingi na protini kidogo kuliko unavyodhani. Ukiona mashudu meusi yenye maganda mengi, usiyalipie bei ya mashudu safi.

Nipe mfano wa mlo wa siku.

Chukua chotara wa kilo 350 anayetoa lita 8. Anahitaji kama kilo 10 au 11 za chakula kikavu. Mabingobingo machanga ni maji kwa sehemu kubwa, kwa hiyo kilo 35 hadi 40 mabichi ni kama kilo 7 kavu. Ongeza kilo 1 ya majani ya karanga na kilo 3 za mchanganyiko wa pumba na mashudu, zikigawanywa wakati wa kukamua. Madini ya kulamba yawepo muda wote, na maji yasikauke: lita 60 hadi 80 kwa siku, zaidi joto likipanda. Ukiupima mlo huu, zaidi ya nusu ya ukavu wake ni majani, na hapo ndipo panapotakiwa.

Nikate majani vipande vya ukubwa gani?

Sentimita 2.5 hadi 5. Vikiwa virefu zaidi anatupa vingi chini. Mashine ikisaga hadi ikawa kama chenga, zile nyuzinyuzi zipo lakini hazimfanyi acheue, na unarudi kwenye tatizo la asidi.

Joto la pwani linahusiana na haya?

Ndiyo. Usagaji wa nyuzinyuzi huzalisha joto ndani ya tumbo, na kilele chake huja saa kadhaa baada ya kula. Ukimpa majani mengi saa nne asubuhi, joto lake linakutana na la mchana wa Mtwara mjini au Lindi, naye anaacha kula. Mpe sehemu kubwa jioni na usiku, na nyingine alfajiri. Newala kule juu kwenye uwanda wa Makonde kuna nafuu kidogo. Shida yao kubwa zaidi ni maji.

Nimeona nyati wa maziwa wa India mtandaoni, mafuta ya maziwa yao ni mengi mno. Si tufuge nyati? Nyati si tunao?

Wale ni nyati wa maji wa Asia, na wetu wa Liwale na Hifadhi ya Nyerere ni nyati wa Afrika. Si ndugu wa kuzaliana: nyati wa maji wa mtoni ana kromosomu 50, wetu ana 52. Wetu hajawahi kufugwa akakubali, ni mali ya taifa, na hubeba magonjwa yanayoua ng'ombe, yakiwemo ya kupe. Kaa naye mbali.

Nyati wa Asia ni habari nyingine. Murrah wa Haryana na Punjab nchini India, Nili-Ravi wa Pakistani, na wale wa Campania nchini Italia ambao maziwa yao hutengeneza jibini ya mozzarella, hutoa maziwa yenye mafuta ya asilimia 7 au 8, wakati ng'ombe wengi wa kisasa wako kwenye 3.5 hadi 4.5. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni ya kurithi, si ya chakula. Wanasifiwa kwa kuvumilia majani magumu, kwa kuwa chakula hukaa muda mrefu kwenye tumbo lao la kwanza. Lakini sheria ya nyuzinyuzi ni ile ile: zikipungua, mafuta yanashuka, zikizidi na kukomaa, nyati anakula kidogo na lita zinashuka. Wahindi hawawapi mabua ya ngano matupu. Wanachanganya na barsimu, jani la kijani la jamii ya kunde, na mashudu ya pamba. Waitaliano wanawapa sileji ya mahindi na hei ya alfalfa. Isitoshe, nyati hutoa jasho kidogo, anataka dimbwi la kugaagaa, na hubeba mimba kwa siku kama 310. Mimi nisingeanza na nyati kabla sijajua kukausha nyasi za mtamba mmoja.

Ng'ombe wangu anatafuna maboksi, mifupa na mifuko. Ni njaa?

Mara nyingi ni upungufu wa madini, hasa fosforasi, au wa majani ya kutafuna, au vyote. Weka madini, ongeza majani, na ufagie eneo lake. Mfuko au kamba ya nailoni ikiingia tumboni haisagiki wala haitoki.

Haya yanahusu mbuzi wa maziwa pia?

Yanahusu, ila mbuzi anachagua zaidi. Mpe majani ya miti mengi kuliko nyasi, na usimlazimishe kumaliza vijiti.

Sina shamba, nanunua majani yanayoletwa na guta. Nichague mzigo upi?

Vuta shina moja kutoka katikati ya mzigo, si pembeni. Likunje: likikunjika bila kuvunjika, limekatwa mapema, likilia na kukatika, ni fito. Tazama kama kuna masuke yenye mbegu. Angalia majani ni mengi kuliko mashina au la, kwa kuwa majani ndiyo anayokula kwanza na ndiyo yenye protini. Nusa: harufu ya ukungu, mwachie mwenyewe. Muulize ameyakata wapi, na kama ni Julai na jibu ni shamba la mikorosho, usinunue. Ukishampata mkataji mzuri, patana naye bei ya juu kidogo kwa sharti kwamba akate mabingobingo yakiwa kimo cha kiuno hadi kifua, kwani mzigo mdogo wa majani laini utampa ng'ombe wako zaidi ya mzigo mkubwa wa mashina ambao nusu yake utaufagia asubuhi.